Kadi za maua za rangi za mapukutiko: kasoro zake na zinakotoka

Kadi iliyoharibika usiitupe kabla hujainusa. Ikinuka kama kabati la nguo lililofungwa masika nzima, tatizo ni unyevu na umechelewa kidogo. Isiponuka, iguse kwa shavu: mahali penye ubaridi kuliko kwingine bado pana maji. Kisha iinue kwenye mwanga wa dirisha uangalie kama ua limezungukwa na duara la rangi ya chai. Vipimo hivi vitatu ni vya bure, na vimeniokolea kadi nyingi kuliko gundi yoyote ya bei kubwa.

Kadi hizi, za maua na majani halisi yaliyobanwa yakakauka kisha yakabandikwa, nazitengenezea nyumbani, Temeke, Dar es Salaam, na wanunuzi wangu wengi ni watu wenye ndugu ng'ambo. Wanataka rangi za huko: chungwa, haradali, kutu, hudhurungi, damu ya mzee. Ulaya na Marekani ya Kaskazini, kuanzia Septemba hadi Novemba, kijani cha klorofili huvunjika ndani ya majani, manjano na chungwa ya karotenoidi iliyokuwa imefichwa ikajitokeza, na miti mingine hutengeneza nyekundu mpya ya anthosianini kabla majani hayajapukutika. Hayo ndiyo mapukutiko, ingawa wako wanaoyaita majira hayo vuli. Wao vuli yao ni ya majani makavu. Yetu ni ya mvua na matope, nayo inaingia Oktoba, wakati uleule wateja wanapokuja na oda. Kwa hiyo tunatengeneza kitu kinachotaka ukavu katika jiji ambalo chumvi mezani inalowa bila kuguswa.

Kuna jambo la kushika kabla ya yote. Hudhurungi ziko mbili, ya kukauka na ya kuoza. Ya kwanza ndiyo anayoilipia mteja: kavu, inalia ukiigusa, ina joto la rangi ndani yake. Ya pili ni butu, inaelekea weusi, na ukiibonyeza inalegea. Anayeanza huziona sawa, akaweka kwenye kadi ua lililooza akidhani limependeza.

Petali zimekuwa nyeusi kitabuni

Ulibana ua la rangi ya chungwa, wiki ikapita, ukafungua ukakuta kitu kama majani ya chai yaliyokwisha tumika. Angalia weusi umeanzia wapi, maana hapo ndipo jibu lilipo.

Ukianzia katikati, kwenye kitovu, ua lilikuwa nene mno. Marigoldi nzima, krisanthemamu nzima, waridi zima: petali za nje hukauka mapema, kitovu kinabaki na maji siku nyingi na kuozesha jirani zake. Chambua petali moja moja, zikaushe peke yake, halafu ulijenge ua upya juu ya kadi. Inachosha, sikatai. Lakini waridi lililojengwa upya kwa petali saba huwa zuri kuliko zima lililobanwa hadi likawa chapati.

Weusi ukianzia kwenye kingo na mikunjo, petali ziliumizwa kabla ya kubanwa. Ukizifinya kwa vidole seli zake zinapasuka, na kimeng'enya kilichomo kinakutana na hewa kikageuza utomvu kuwa hudhurungi, kama biringanya lililokatwa likaachwa mezani. Shika ua kwa kikonyo, au tumia kibano cha nyusi.

Weusi ukiwa umeenea kote sawasawa, basi ua limekauka polepole mno, na huu ndio ugonjwa wetu wa Dar. Kwenye nchi kavu kitabu kizito kinatosha. Huku karatasi za kitabu chenyewe zimeshakunywa unyevu wa hewani kabla hujaweka chochote, kwa hiyo unakausha ua kwa taulo mbichi. Anza kwa kupiga pasi karatasi tupu mpaka ziwe kavu kabisa, ndipo uweke maua. Baada ya saa 24 badilisha karatasi zote, kisha rudia kila siku kwa siku tatu au nne. Gazeti linanyonya vizuri, ila lisiguse petali, wino wake unahama. Tanguliza karatasi nyeupe.

Mwenye haraka atumie pasi. Isiwe na mvuke, moto uwe mdogo ule wa hariri. Weka ua kati ya karatasi mbili nyeupe, kandamiza sekunde 10 hadi 15 bila kusugua, inua, acha lipoe, rudia mara nne au tano. Faida ya joto si kukausha tu. Linakiua kile kimeng'enya kabla hakijamaliza kazi yake, ndiyo maana ua la pasi mara nyingi hubaki na rangi yake kuliko la kitabu. Pasi ya mkaa haina kipimo, hivyo ijaribu kwanza kwenye karatasi tupu. Karatasi ikianza kugeuka rangi, iache ipoe. Mwenye maikrowevu abane ua kati ya vigae viwili na karatasi, aipige sekunde 20 hadi 30, apumzishe, arudie. Kusiwe na klipu wala chuma chochote humo ndani.

Mtu atakushauri ufukie maua kwenye mchele. Nilifanya hivyo. Mchele haunyonyi cha maana, na mwisho nilikuwa na maua yaliyooza pamoja na mchele wenye harufu ya maua ambao hakuna aliyetaka kuula.

Uchaguzi wa ua nao una sehemu yake. Haibiskasi nyekundu ya uani inavutia sana ikiwa mbichi, lakini ina ute kama wa bamia, na si ajabu kwa kuwa ni za ukoo mmoja. Inagandia karatasi, na ukiibandua inachanika. Bogenvilia ni kinyume chake. Ile sehemu yenye rangi si petali, ni majani membamba yaliyozunguka kiua kidogo cheupe katikati, na maji yake ni kidogo kiasi kwamba inakaribia kuwa karatasi ikiwa bado mtini. Kwa anayeanza, bogenvilia ya chungwa ndiyo mwalimu mpole kuliko wote. Chuma ile changa, kwa kuwa baadhi huelekea pinki zinapozeeka.

Chuma karibu saa 4 asubuhi, umande ukishakauka na jua halijawa kali. Kama mvua imenyesha usiku, kaa nyumbani. Mimi huchuma kati ya Juni na Agosti, kipupwe, nikahifadhi kwenye mkebe wa biskuti pamoja na vile vipakiti vya silika jeli vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Oktoba ikifika sina haja ya kupigana na mawingu.

Kadi imeota mvi

Neno si langu. Mteja alinipigia simu: "Dada, kadi zako zimeota mvi." Alikuwa amechukua kumi na mbili, zote nimezipiga lamineshi nikiamini plastiki itazilinda. Ilikuwa Aprili, mwezi wetu wa mvua nyingi kuliko yote. Plastiki ilizilinda kweli, ila ililinda na unyevu uliokuwemo ndani, na koga ikaota humo kama kwenye kopo.

Ua lisilokauka kabisa lisifungiwe, iwe kwa lamineshi, iwe kwa bahasha ya nailoni. Pima kwa shavu kwanza. Koga iliyoota upande wa gundi na si kwenye ua, mtuhumiwa ni gundi ya unga. Uji wa ngano au muhogo unabandika karatasi vizuri na ni rahisi, lakini kwa koga ni chakula, kwa mende ni chakula kitamu zaidi. Kwa kadi itakayosafiri tumia gundi nyeupe ya dukani. Kadi yenye koga haiponi. Hata ukiifuta, doa linabaki. Itoe nje ya chumba cha kazi isiambukize nyingine.

Duara la rangi ya chai limezunguka jani

Hapa lazima niusifu mkungu. Ndio mti wetu wa pwani unaojua mapukutiko: kabla ya kuangusha majani, mara nyingi mara mbili kwa mwaka, unayageuza manjano, kisha chungwa, kisha nyekundu inayoelekea damu ya mzee. Amka mapema umtangulie mfagiaji, utaokota rangi zote kwenye mti mmoja, jani moja wakati mwingine likiwa nazo zote tatu.

Shida yake ni tanini. Jani la mkungu likiloweshwa hutoa maji ya rangi ya chai, na gundi yako ina maji. Unabandika leo kadi ikiwa nyeupe, kesho kuna duara la kahawia. Chanzo si jani kuwa bovu, ni gundi kuwa nyingi au kuzimuliwa. Kausha jani kabisa, chukua gundi nzito kwa ncha ya kijiti cha meno, weka vidoto kwenye mshipa wa nyuma ya jani, basi. Usipake jani zima. Kwa kuwa ni kubwa na nene, mimi silibandiki lilivyo. Nakata kwa mkasi vijani vidogo vyenye umbo la petali, na hapo nyekundu na chungwa za jani moja zinanitosha maua matatu.

Duara likishatokea halitoki. Dawa ni kulifanya lionekane limekusudiwa: loweka majani mengine ya mkungu, chuja, upake kadi yote kwa brashi. Utapata rangi ya kahawia laini ambayo watu huniuliza nimeinunua wapi.

Vidoa vyeusi kama vya inzi

Vinatokea kwenye karatasi iliyopakwa chai au maji ya mkungu, nawe unaapa hukumwaga kitu. Tanini ikikutana na chuma inakuwa nyeusi. Wino wa zamani ulitengenezwa kwa njia hiyohiyo. Tafuta chuma kilipo: sufuria yenye kutu uliyochemshia, klipu iliyobana karatasi ikiwa mbichi, mkasi wenye kutu. Chemshia kwenye sufuria ya enameli isiyobanduka au bakuli la udongo, na anika kwa vibanio vya plastiki.

Kadi imejikunja kama ganda la mti

Hili watu wengi hulaumu karatasi rahisi. Karatasi ina makosa yake, lakini mara nyingi ni sisi.

Nyuzi za karatasi zimelala upande mmoja, ule ilikopita mashine kiwandani. Zikinywa maji zinanenepa upana, kwa urefu hazibadiliki sana. Ukipaka gundi upande mmoja, upande huo unatanuka na mwingine unabaki, kadi ikapinda. Ikikauka, ule uliotanuka unasinyaa, ikapinda upya. Ndiyo maana kadi uliyoiacha imenyooka usiku asubuhi imekuwa mashua.

Kwanza jiulize ulipaka gundi wapi. Gundi inapakwa kwenye ua, si kwenye kadi. Ukihitaji kubandika karatasi nzima ya rangi juu ya manila, bandika nyingine ya aina hiyohiyo upande wa ndani, ili pande mbili zivutane sawa. Mpangilio wa nyuzi nao ufanane.

Pili, ulikaushia wapi? Feni ya dari inakausha uso wa juu, wa chini ukabaki na maji. Hapo umejipindia mwenyewe. Weka kadi katikati ya karatasi kavu, juu yake ubao, juu ya ubao vitabu au ndoo ya maji yenye mfuniko, ulale. Sehemu yenye ua tanguliza tabaka kadhaa za karatasi laini zilizotobolewa katikati, ua lisipondwe.

Kadi iliyonyooka kwako na ikapinda kwa mteja haina kosa la gundi. Anakaa ofisini Posta kwenye kiyoyozi, hewa kavu siku nzima, kisha anatoka nayo hadi kituoni penye joto na unyevu. Uzito wa karatasi unasaidia hapa. Chini ya gramu 200 kwa mita ya mraba kadi ya maua inayumba. Kati ya 250 na 300 inajisimamia. Dukani omba uishike na kuikunja kidogo, usikubali kuambiwa tu "ni manila nzito hiyo".

Mkunjo umepasuka na kuonyesha weupe

Ni zile nyuzi tena. Ukikunja kwa kukatiza nyuzi zinavunjika. Ukikunja kwa kuzifuata zinalala. Kwenye shiti kubwa ya manila unayokata mwenyewe ni rahisi kukosea. Pinda shiti taratibu upande mmoja, kisha mwingine, bila kuikunja. Upande unaokubali bila ubishi ndio unaofuata nyuzi. Mstari wa mkunjo uwe huko.

Halafu chora mkunjo kabla ya kukunja: rula, na kalamu iliyokwisha wino, au mgongo wa kisu cha siagi. Wembe usiutumie hapa. Karatasi iliyotiwa rangi juu tu, ndani nyeupe, itaonyesha weupe hata ukifanya yote sawa. Karatasi ya kaki, ile ya bahasha za ofisi, rangi yake imepenya hadi ndani, na kwa mapukutiko hakuna mandhari nzuri kuliko kaki. Iko Kariakoo kwa shiti, bei yake haitishi.

Rangi imepauka kabla ya kufika

Bizari ya manjano ni laghai. Unapaka karatasi, inang'aa kama jua la alasiri, ukaibandika dirishani, baada ya siku chache imekuwa maziwa. Haivumilii mwanga. Ikigusana na sabuni au kitu chenye magadi inageuka nyekundu ya tofali, hivyo anayepaka bizari na mikono yenye povu atapata madoa asiyoyaelewa. Tumia maganda ya vitunguu maji yaliyochemshwa: yanatoa dhahabu inayoelekea chungwa na yanadumu zaidi. Chai na hina kwa hudhurungi.

Nyekundu ya maua mengi ni anthosianini, na hiyo hubadilika kwa kuguswa na tindikali au magadi: kwenye tindikali inakuwa nyekundu zaidi, kwenye magadi inaelekea bluu. Petali nyekundu ikipata ubluu baada ya kubandikwa, badilisha gundi au karatasi kabla ya kulaumu ua. Kujua ua gani litadumu, funika nusu ya petali kwa karatasi nyeusi, iache dirishani wiki mbili, kisha linganisha nusu na nusu.

Kila rangi ni nzuri, pamoja zinagombana

Umeweka nyekundu, umeweka kijani kibichi, mteja anauliza, "Hii ni ya Krismasi?" Hana kosa. Mapukutiko hayajengwi na nyekundu, yanajengwa na kahawia. Anza na kaki na hudhurungi zichukue sehemu kubwa ya kadi, haradali na kutu zifuate, chungwa safi iwe kidogo, na damu ya mzee iwekwe mahali pamoja ambapo jicho linataka kutua. Kijani, ikibidi, kiwe cha jani linalokufa.

Anayepaka rangi za maji ana kosa lake: kutaka haradali akatia nyeusi kwenye manjano. Inatoka kijani cha tope. Manjano ipunguzwe makali kwa zambarau kidogo, chungwa kwa bluu kidogo ndipo upate kutu, nyekundu kwa kijani kidogo ndipo upate damu ya mzee. Kidogo maana yake ncha ya brashi.

Ua limebanduka, au gundi imetoa doa

Doa la njano linalofanya karatasi ionekane kama imepakwa mafuta: umetumia gundi ya fundi viatu. Ukungu mweupe kuzunguka ua na karatasi iliyokakamaa: supa gluu. Zote mbili ziache kwa kazi zake. Ua linalobanduka likiwa zima lilikuwa na vumbi la chavua au gundi ilikauka kabla hujalitua. Linalobomoka vipandevipande limekauka kupita kiasi, basi liache karibu na dirisha asubuhi moja, hewa yetu italilainisha lenyewe. Hapo angalau unyevu unatufaa.

Haifiki salama

Kata A4 katikati upate A5 mbili, kila moja ikikunjwa inakuwa A6, na bahasha yake ni C6, milimita 114 kwa 162. Kadi ikiingia kwa kusukumwa, ua litachanika wakati wa kutolewa, na atakayelichana ndiye uliyetaka afurahi. Tanguliza karatasi nyembamba juu ya ua. Bandika stempu na uandike anwani kabla ya kuingiza kadi, usije ukaliponda waridi.

Uliza kadi inakwenda nchi gani. Australia na New Zealand ni wakali sana kwa chochote cha mmea, hata kikavu, na bahasha yenye jani halisi inaweza kuzuiwa. Kwa anwani za huko nakata maua ya kitenge. Fundi cherehani wa jirani ananiwekea vipande vinavyobaki, na mimi hupita jioni kuchagua kutu na haradali. Juzi aliniona kwa mbali akaanza kutikisa kichwa: "Dada, leo njano hakuna. Harusi zote za wiki hii wamechagua bluu."